Soja ya Mara ya Pili

Mrija namba kumi na saba.
Sikusoma jina kwanza; ndivyo tunavyofanya kazi,
damu haina baba wala shangazi mpaka mashine iseme.
Mashine ikasema: kolesteroli, gramu mbili nukta sita moja.
Ndipo nikageuza karatasi:
Zihindula, mwuza nyama, Bagira.
Alikuja kutolewa damu bila kuniambia.

Mtu anayejua mafuta kwa kidole gumba!
Akigusa figo la mbuzi atakuambia
kama alilishwa Kabare au Walungu,
na kama aliyemuuza alikuwa na haraka.
Lakini haya ya ndani ya damu hayashikiki.
Hayanuki, hayang'ai. Yanajenga tu,
kama watu wa Kadutu wanavyojenga mlimani,
leo chumba, kesho kibaraza,
hadi siku jeneza linapokosa pa kupita.

Daktari alimwambia: punguza mawese,
acha ule mnofu wenye mafuta, tembea, kula soja.
Baba akacheka hadi akakohoa.
"Soja? Soja ni ya watoto wa bwaki."
Kisha akanyamaza.
Na mimi nikanyamaza,
maana mtoto wa bwaki ndiye mimi.

Sikumbuki mengi. Kikombe cha plastiki, chekundu,
ukingo wake umeng'atwa na watoto walionitangulia.
Nywele zangu rangi ya ndevu za mahindi.
Miguu imejaa maji: ukibonyeza, shimo linabaki
likikutazama.
Tulikuwa tumetoka msituni, tumerudi Bukavu,
na Baba, asiye na mbuzi hata wa kumwota,
alinibeba mgongoni kila asubuhi hadi kwa masista.
Uji wa masosoma ulikuwa moto, mzito.
Alipuliza kila kijiko
huku akimeza mate yake mwenyewe.

Sasa Mama analoweka soja jioni.
Alfajiri anamenya, anasaga, anachemsha sana
mpaka ile harufu ya majani mabichi ikate tamaa
(soja mbichi, anasema, ni ugomvi tumboni),
anachuja kwa kitenge kilichochoka,
anagandisha kwa ndimu, anakandamiza kwa jiwe
tulilokuwa tukizuilia mlango.
Vipande anavipika kwa nyanya na pilipili nyingi.
Baba anaviita "nyama isiyolia".
Buchani wanamcheka: "Papa Zihindula, umeokoka?"
Anajibu kwa panga, anakata mfupa wa mtu mwingine.

Nimesoma nilivyoweza, na sitamdanganya mtu,
hata katika shairi.
Soja si ufagio wa mishipa.
Inasukuma kidogo tu, asilimia tatu, nne,
kwa mwingine hata hiyo haifiki;
na huenda sehemu kubwa ya kazi
imefanywa na ile nyama
iliyoondoka sahanini ili kuipisha.
Nilimweleza hivyo. Akasema:
"Basi nilipwe mimi, niliyeondoka."

Miezi mitatu. Mrija namba tisa.
Safari hii nilisoma jina kwanza,
nikakaa nikiitazama mashine ikizungusha
kama mtu anayengoja pikipiki kwenye mvua.
Mbili nukta nne tatu.
Sikupiga vigelegele. Niliandika, nikapima tena,
nikaandika ileile.

Jioni nikapanda Bagira, umeme umekatika,
ziwa chini limekuwa jeusi, lina taa mbili tatu za wavuvi wa sambaza.
"Imeshuka?"
"Imeshuka kidogo."
"Kidogo cha bucha, au kidogo cha laboratwari?"
"Cha laboratwari."
Akaguna. Mama akamimina maziwa ya soja, yanatoa mvuke,
akanipa kikombe nimpelekee kitini,
na kabla sijafika nikajikuta ninakipuliza.

"Acha, Namwezi," akasema gizani. "Mimi sina bwaki."
Akakichukua, akakunja uso,
akakinywa chote.